Timu haiko Dar, iko kijiweni

Mechi inayosimuliwa kuliko zote na wazee wa Mwanza haikuhusu timu ya Mwanza. Ilipigwa Uwanja wa Nyamagana tarehe 10 Agosti 1974, kati ya Yanga na Simba, wote wawili wageni kutoka Dar es Salaam. Adam Sabu aliitanguliza Simba mapema. Zikiwa zimebaki dakika chache mpira kumalizika, watu wa Simba, wana Msimbazi, wameshaanza kupongezana, Gibson Sembuli akachomoa. Mechi ikaingia muda wa nyongeza na Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta, akapachika la pili. Ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga.

Mzee wa Igogo au Mabatini aliyekuwepo siku ile, au ambaye hakuwepo ila amesimulia mara nyingi hadi amejiweka jukwaani, atakuonyesha kwa kidole Sembuli alikuwa amesimama wapi. Mtajie mwaka 1990, Pamba ya hapa hapa mjini ilipotwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano. Atakubali, atatabasamu, atataja majina mawili matatu ya wachezaji, kisha maongezi yatarudi Kariakoo, kwa Simba na Yanga.

Mwanza ni jiji la pili kwa ukubwa nchini. Lina ziwa lake, samaki wake na mawe yake, na lina Uwanja wa CCM Kirumba unaochukua watu wapatao 35,000. Kutoka hapa mpaka Mtaa wa Msimbazi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na wengi wanaokosana kwa ajili ya klabu hizo mbili hawajawahi kuona mlango wa ofisi zake. Hata hivyo Simba au Yanga ikitua Kirumba, mwenyeji ndiye anayegeuka mgeni. Msimu wa 2024/25 Pamba Jiji ilirejea Ligi Kuu baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20. Novemba ikaikaribisha Simba Kirumba, ikalala 1-0, na aliyezoea mechi za namna hiyo hakuhitaji kuuliza bao lile lilipokewa vipi majukwaani. Mtu kazaliwa Kirumba, kasoma Kirumba, anauza dagaa Mwaloni, halafu timu yenye jina la jiji lake inafungwa naye anarusha kofia juu.

Ukiuliza sababu, utajibiwa ni redio. Ni kweli. Enzi ambazo Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo ilikuwa redio ya nchi nzima, sauti ya mtangazaji Ahmed Jongo ilivuka maji mpaka Ukerewe na Ukara, ikawapa wavuvi wachezaji wa kuwapenda bila kuwaona. Utajibiwa pia kwamba watu hufuata makombe. Na utaambiwa kwamba Dar es Salaam imekuwa ikichukua vijana wa huku tangu zamani: George Masatu na Hussein Masha walitoka Pamba, na mwaka 1993 walikuwamo katika Simba iliyofika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa na Stella Abidjan. Aliyemfuata kijana wa nyumbani kwa macho na masikio alijikuta amefika Msimbazi.

Yote hayo nayakubali, lakini hayatoshi. Redio inaeleza timu hizi zilifikaje, haielezi kwa nini hazikung'oka redio na televisheni zilipokuwa nyingi. Makombe nayo yana kasoro. Azam FC ina uwanja wake Chamazi, ina fedha, na mwaka 2014 ilitwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Sasa zunguka Mwanza nzima, kuanzia Buhongwa mpaka Pasiansi, unitafutie kijiwe cha Azam ambacho watu wananuniana kwa ajili yake. Mtibwa Sugar walikuwa mabingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na hawakuacha wanazi mtaa wowote wa hapa. Kama kushinda peke yake kungeteka moyo wa shabiki, ramani ya ushabiki nchini ingekuwa na rangi nyingi zaidi.

Anayetusaidia hapa ni mwanasaikolojia Henri Tajfel. Alizaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi, na vita kuu ya pili iliwameza karibu wote aliowajua utotoni. Alitaka kujua ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kuwafanya watu wajione kundi moja dhidi ya wengine. Mwaka 1970 alichapisha majaribio aliyoyafanya na wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza. Aliwaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, akawagawa kwa kuwaambia kwamba hawa wamempenda huyu na hawa yule. Mgawanyo wenyewe ulikuwa wa kubahatisha tu. Kisha kila mvulana akapewa kazi ya kuwagawia wenzake fedha kidogo, bila kujua majina yao, akijua kundi lao tu. Wakapendelea kundi lao. Lililomshangaza zaidi Tajfel ni kwamba mara nyingi walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, mradi lile la pili lipate pungufu ya hapo. Walichokitaka ni pengo, hata kama faida ingepungua.

Anayewajua Simba na Yanga, watani wa jadi, hahitaji kwenda Bristol. Simba ikifanya vizuri Afrika, nchi inapata alama, na alama hizo ndizo zilizoipa Tanzania nafasi nne katika mashindano ya klabu za CAF. Yanga nayo inafaidika. Lakini mwana Yanga atakesha akiwaombea Waarabu. Mwaka 2023 Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa 2-1 Dar es Salaam, ikaenda Algiers ikashinda 1-0 na bado kombe likabaki kwa USM Alger kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kuna Watanzania waliocheka hadi machozi. Miaka miwili baadaye ilikuwa zamu ya Simba kulikosa kombe hilo hilo mbele ya RS Berkane ya Morocco, na kicheko kikahamia upande wa pili wa mtaa.

Nimesema upande wa pili wa mtaa, na kwangu hapo ndipo penye jibu. Shabiki wa Mwanza hakuchagua klabu ya Dar es Salaam. Alichagua upande katika ugomvi wa hapa hapa. Na ugomvi wa namna hiyo, watu wa ukanda huu wa ziwa walikuwa mabingwa wake kabla mpira haujafika.

Ukitoka mjini kwa barabara ya Musoma unafika Kisesa, na hapo juu kidogo ndipo ilipo Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Ekaristi Takatifu, hufanyika Bulabo, tamasha la ngoma. Wanaokutana pale ni Bagika na Bagalu. Asili ya makundi haya ni karne ya 19, kwa wachezaji wawili mahiri ambao pia walikuwa waganga, Ngika na Gumha. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, mtindo wake na wafuasi wake, na ushindani wao ukawazaa watoto na wajukuu wa kingoma mpaka leo.

Namna ya kumpata mshindi ndiyo inayonivutia. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, jirani. Kinachoamua ni watazamaji. Wenye watu wengi zaidi wameshinda. Mtazamaji akichoshwa na wa huku anageuka na kwenda kule, na kila anayegeuka ni bao. Ndiyo maana wachezaji huja na chatu hai shingoni, huja na majembe wakiyarusha na kuyadaka kwa mdundo, huja na vinyago na vituko, ili jirani abaki na vumbi lake. Na ndiyo maana dawa ilikuwa sehemu ya maandalizi: ya kuvuta watu, na ya kumharibia mwenzako. Anayecheka habari za kamati ya ufundi, zile za mayai na mlango ambao timu haiutumii kuingilia uwanjani, ajue kwamba hilo halikuanzia Kariakoo.

Zaidi ya hayo, Bagika na Bagalu hawakugawanyika kwa koo wala kwa vijiji. Kijiji kimoja kilikuwa na Bagika wake na Bagalu wake. Mtu aliingia kwa kumfuata baba, rafiki au mwalimu aliyemfundisha ngoma. Walilima pamoja, walioleana, wakazikana, na msimu wa mavuno ulipofika wakageukiana. Sisemi kwamba Bagalu ndio waliokuja kuwa Simba na Bagika Yanga. Ninachosema ni kwamba Mwanza ilikuwa na nafasi mbili tayari, na kila mtu alijua raha ya kuwa na mpinzani anayekaa naye mlango kwa mlango.

Linganisha na wenzetu wa ng'ambo ya ziwa. Kisumu ni Gor Mahia, na Gor Mahia, iliyoundwa mwaka 1968, ilikuwa timu ya Wajaluo tangu mwanzo. Mpinzani wake, AFC Leopards, aliyezaliwa 1964 kwa jina la Abaluhya, ni wa Waluhya. Mechi yao wanaiita ya mashemeji, jina zuri kwa majirani wanaooana. Kule mtoto huzaliwa na timu kama anavyozaliwa na jina la ukoo. Huku kwetu Msukuma, Mkerewe, Mjita na Mhaya wote wamo Simba na wote wamo Yanga. Timu haikwambii mtu ametoka wapi. Inakwambia ameamua kumtania nani. Mara nyingi aliyeamuliwa ni kaka mkubwa: kaka akiwa Simba, mdogo anakwenda Yanga ili wapate la kubishania usiku. Nyumba nyingi za Mwanza zimegawanyika hivyo, baba huku na mama kule, na watoto wanapigiwa kampeni kabla hawajajua kusoma.

Nenda kwenye kibanda umiza chochote cha Kirumba au Igoma siku ya watani ukaone. Nje kuna ubao wa chaki wenye saa ya mechi na kiingilio, chini yake bodaboda zimepangwa zikiangalia barabara, tayari kukimbia na kupiga honi. Ndani ni mabati, mabenchi ya mbao na joto la watu. Hakuna aliyepanga viti, lakini ukikaa kidogo utaona Simba wamejikuta wako kushoto na Yanga kulia, na katikati kuna njia nyembamba ya muuza karanga. Benchi la mbele ni la wazee, na hao wana haki ya kusema "enzi zetu" bila kukatizwa. Mama mmoja aliyefunga genge lake mapema amevaa jezi juu ya kitenge. Mechi yenyewe wanaiangalia kwa jicho moja. Jicho la pili liko upande wa pili wa ile njia, kwa sababu bao likiingia, kitu cha kwanza ambacho kila mtu anataka kuona si marudio ya televisheni. Ni sura ya mtani wake.

"Mjomba, mbona umenyamaza? Dawa ya meno imeisha?"

"Subiri dakika tisini ziishe, mwanangu. Mtatafuta pa kutokea."

Haya hayapatikani kwa kukaa peke yako sebuleni na skrini kubwa. Nawajua watu wenye king'amuzi nyumbani wanaolipa kiingilio kwenda kubanana na jasho la wenzao.

Mtafiti wa Marekani Daniel Wann, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mashabiki, aliona kwamba wanaojifunga na timu ya kwao huwa na afadhali kidogo katika mambo ya moyo: upweke hupungua, na mtu hujiona ana mahali pake. Kwa timu ya mbali, faida hiyo haikuonekana hivyo hivyo, isipokuwa pale shabiki anapozungukwa na wenzake. Kwa kipimo hicho Simba na Yanga ni timu za Mwanza kabisa. Zina matawi mitaani, yenye bendera, mwenyekiti, katibu na daftari la michango. Mwanachama akifiwa, tawi linafika, turubai linafungwa na rambirambi inasomwa. Klabu kule Dar es Salaam inaweza isijue kwamba huyo mtu alikuwepo duniani, lakini tawi linajua hadi deni lake la mwisho.

Na watani nao hufika msibani. Hii si ajabu kwa taifa ambalo Wanyamwezi na Wazaramo waliujua utani tangu enzi za misafara, ambapo mtani ana ruhusa ya kukutukana na ana wajibu wa kukuzika. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, wakiongozwa na Mark Levine, waliwaita mashabiki wa Manchester United kwenye utafiti, halafu njiani wakawawekea mtu anayekimbia, anayeteleza na kuanguka akishika mguu. Aliyevaa jezi ya United alisaidiwa na karibu kila aliyepita. Aliyevaa ya Liverpool aliachwa na wengi, sawa na aliyevaa fulana ya kawaida. Lakini mashabiki wengine wa United walipoitwa kwa maneno tofauti, wakiambiwa kwamba utafiti unawahusu wao kama wapenzi wa soka, wakamwinua wa Liverpool pia. Aliyebaki chini ni yule asiye na jezi yoyote. Watani wetu wamekuwa wakifanya jambo hilo bila profesa: jioni unaitwa jina la mnyama wa majini, asubuhi gari lako likizima katikati ya barabara, wa kwanza kulisukuma ni aliyekuita hivyo.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi, maana ushabiki una ulevi wake. Robert Cialdini na wenzake mwaka 1976 walichapisha utafiti kutoka vyuo vikuu vya Marekani: Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walikuja darasani wamevaa nguo zenye nembo ya chuo. Na walipopigiwa simu kuulizwa matokeo, ushindi waliusimulia kwa "tumeshinda" na kipigo wakakitupa kwa wengine, "wamefungwa". Wauza jezi wa Makoroboi wanalijua soko hilo vizuri. Wiki ya ushindi jezi inakwenda, wiki ya kipigo inarudi chini ya kitanda. Tarehe 5 Novemba 2023, Simba ilipolala 5-1 mbele ya Yanga, kuna watu walioamka wakiwa "wapenzi wa soka tu". Walioshinda nao walikuwa wamesahau kabisa kwamba mwaka 2012 walipigwa 5-0.

Lakini mnazi wa kweli hafanyi hivyo. Hawezi kuihama timu, kwa hiyo anabadilisha maelezo. Mwamuzi, kiwanja, uongozi, mchezaji aliyeuza mechi. Machi 2025 mkoa huu ulipata somo zima la jambo hilo bila mpira kuguswa. Usiku wa kuamkia mechi ya watani Simba ilidai kuwa imezuiwa kuingia kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, ikatangaza haichezi, mechi ya tarehe 8 ikaahirishwa, nayo Yanga ikafika uwanjani kama kawaida. Mwanza nzima hakukuwa na mtu aliyesimama kwenye geti la uwanja ule. Lakini kufika asubuhi kila bodaboda alikuwa shahidi, na ushahidi ulifuata rangi ya jezi bila kukosea hata mmoja. Tangu 1954 watafiti Hastorf na Cantril walishaandika kuhusu wanafunzi wa vyuo viwili vya Marekani walioonyeshwa filamu ya mechi moja iliyojaa rafu, kila upande ukazihesabu rafu kwa hesabu yake. Macho ni ya mtu, lakini anayechagua cha kuona ni kundi lake. Mechi ya watani ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0, na mabishano ya Machi hayakupoa kwa siku hata moja.

Kuna anayevuka ukuta huu, lakini kwa gharama. Haji Manara, mtoto wa yule yule Sunday wa Nyamagana, alikuwa msemaji wa Simba na ulimi wake uliwachoma Yanga kwa miaka kadhaa. Mwaka 2021 akahamia Yanga. Waliokuwa wakimshangilia wakamzomea, waliokuwa wakimlaani wakambeba. Yeye alikuwa mtu yule yule na sauti ile ile. Kilichobadilika ni upande aliokaa wa ile njia ya muuza karanga.

Na mwili nao unalipa. Utafiti uliofanywa Munich wakati wa Kombe la Dunia la 2006 ulionyesha kwamba siku Ujerumani ilipocheza, dharura za moyo zilipanda zaidi ya mara mbili na nusu. Sijaona hesabu kama hiyo kutoka Hospitali ya Bugando, lakini kila tawi lina mzee ambaye familia yake humficha redio siku ya watani. Kubeti ndiko kumeongeza sumu. Mkeka ukichanika, kijana hapotezi raha peke yake, anapoteza na nauli ya kesho, na utani ukigusa nauli unaacha kuwa utani.

Sasa turudi kwa Pamba. Mwaka 2017 Mwanza ilipata dalili nzuri kuliko zote, nayo haikuhusu Pamba. Mbao FC, timu ya hapa hapa mjini iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ilikutana na Yanga nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF hapo Kirumba, ikaitoa 1-0. Fainali ikaenda Dodoma, dhidi ya Simba, na Mbao ikasalimu amri 2-1 baada ya muda wa nyongeza. Fikiria hali ya vijiwe mwezi ule. Kwenye nusu fainali mwana Simba wa Mwanza alikuwa Mbao damu damu. Kwenye fainali akaivua Mbao, na mwana Yanga akaivaa. Timu ya nyumbani ilipendwa na kila mtu, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja kwa ajili ya kumkera mwenzake. Ilikuwa fimbo ya kuazimana. Mwaka 2020 iliposhuka daraja, sikumbuki kijiwe kilichofunga kwa huzuni.

Viongozi wa timu za mikoani hupenda kulalamika kwamba watu hawana uzalendo. Nadhani wanakosea tatizo. Pamba inawaomba watu wa Mwanza wote wawe kitu kimoja, na hapo ndipo inapokosa cha kuwapa. Kama jiji zima ni Pamba, Jumatatu asubuhi utamtania nani? Dodoma? Mbeya? Hao hawapo kijiweni. Hawanywi kahawa na wewe, hawakuazimi pampu ya baiskeli. Simba ina Yanga mlango wa pili. Pamba haina mtu.

Zamani ilikuwa naye. Toto African, wale watoto wa Yanga waliolelewa Mwanza, walikuwa jirani wa Pamba na mpinzani wake wa mjini, na siku walipokutana jiji liligawanyika lenyewe kwa lenyewe. Toto ilishuka Ligi Kuu mwaka 2017 na haijarudi. Kwa hiyo Pamba Jiji ilipopanda 2024 ilikuta meza ina kiti kimoja.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na wenye mamlaka wataendelea kuzungumzia nyasi, taa na viti. Ni vizuri. Lakini halmashauri na wafanyabiashara wa Mwanza wanaotaka Kirumba ijae watu wanaoishangilia Mwanza wasimalizie fedha zote kwenye usajili wa Pamba. Waitafute Toto huko chini iliko, waipandishe, waiache iwe na viongozi wake na maneno yake, kisha wakae pembeni. Pamba inaihitaji Toto kuliko inavyomhitaji mshambuliaji mpya.